Kampuni Ikiita Gari Lako, Usilifiche

Vijana, niseme hili kwanza kabla sijasahau, maana siku hizi natafuta miwani hata ikiwa usoni. Kampuni iliyotengeneza gari lako ikisema gari lirudi likaangaliwe, lipeleke. Usilifiche. Usimuuzie shemeji yako haraka haraka. Na usiende kumuuliza fundi wa kona kama ni kweli, kwa sababu atakuambia ni uongo, kisha akubadilishie plagi.

Mimi nilikuwa fundi wa breki. Nilianzia Kibera, kando ya reli, kisha nikaajiriwa katika karakana ya kampuni moja iliyouza magari mapya kule Industrial Area. Huko ndiko nilikojua jambo tuliloliita rikoli. Mtengenezaji amegundua kosa katika magari yake ya aina fulani, kosa linaloweza kuua mtu, basi anayaita yote yenye kosa hilo ayarekebishe kwa gharama yake. Haina maana kwamba gari lako ni bovu lote, wala kwamba aliyekuuzia alikuibia. Nimeona magari yaliyoitwa yakaishi kuliko yasiyoitwa, na mengine yakaishi kuliko wenyewe.

Sasa jaribu kumweleza hayo mtu wa Kawangware ya miaka ya tisini. Mimi nilijaribu, na nikaombewa kanisani.

Kwanza niwaeleze desturi ya vipuri vya zamani, la sivyo hamtaelewa. Wakati ule fundi akikubadilishia kitu, ulikwenda nyumbani na kile cha zamani. Hakuna aliyeamini kwamba bearing imebadilishwa mpaka aishike ile mbovu mkononi, aizungushe, asikie inavyokwaruza, aseme, "Kweli, hii ilikuwa imeisha." Mzee aliyenifundisha kazi Kibera alikuwa akikifunga kipuri kwa gazeti kama mwuza nyama na kumkabidhi mteja kwa mikono miwili. Kulikuwa na nyumba ambazo chini ya kitanda palikuwa na vipuri vya kutosha kuunda gari jingine bovu.

Wajanja hawakukosekana. Jirani yetu mmoja wa karakana, ambaye simtaji kwa sababu watoto wake ni watu wazuri, alikuwa na bearing moja iliyochakaa vizuri kabisa. Kila mteja alionyeshwa hiyo. Mteja akisharidhika, fundi anamwambia, "Wacha nikutupie, itakuchafulia kiti." Kesho yake bearing iko kazini tena. Ilimlisha mwaka mzima. Wateja nao wakaerevuka, wakawa wanatia vipuri vyao alama kabla fundi hajashika spana. Wengine walikwaruza kwa msumari, wengine kwa wembe. Mama Atieno alitumia rangi ya kucha.

Mama Atieno aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, pale steji ya Kawangware 56. Alikuwa mjane mrefu wa kutoka Siaya, na sauti yake ilifika steji kabla yake. Tulisali kanisa moja, kanisa la mabati lililokuwa karibu na kwangu, mtaa wa Kongo, humo humo Kawangware. Alikuwa na pick-up nyeupe aliyonunua ikiwa imetumika, na ndiyo iliyomletea omena kutoka ziwani. Sikujua kwamba pick-up hiyo ilikuwa kwenye rikoli mpaka foreman wetu, Bwana Mutiso, aliponituma kumtafuta mwenye gari.

Kosa la pick-up zile lilikuwa dogo la kutia aibu. Paipu ya mpira inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu ya nyuma ilikuwa ndefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Gari likiwa tupu, paipu inaning'inia salama. Ukipakia mzigo mzito, nyuma inashuka, na paipu inaegemea ncha ya chuma iliyo kando yake. Inasuguliwa, inasuguliwa, mpaka siku moja inatoboka. Unakanyaga breki, mguu unazama, na mzigo wote unakusukuma kutoka nyuma. Waliotengeneza walidhani ingechukua muda mrefu kufika hapo, kwa kuwa walipima kwa mzigo wa kwao. Hawakuwa wamemwona Mama Atieno akipakia.

Kampuni ilikuwa imewaandikia wote walionunua pick-up zile mpya. Ya Mama Atieno ilinunuliwa na karani mmoja wa mtaa wa Nyayo Highrise, na huko ndiko barua ilikokwenda. Mutiso akanituma kwake. Karani alikuwa ameipata barua, akadhani tunambembeleza anunue gari jingine, akaitupa.

"Hiyo gari niliuza kitambo," akaniambia. "Kuna mama mmoja wa omena, Kawangware."

"Na logbuku?"

"Logbuku bado ni jina yangu. Hajakuja tubadilishe."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu aliyesahau mwavuli mahali. Kumbe Mama Atieno alikuwa na gari alilolilipia mpaka senti ya mwisho, lakini kwa kuwa logbuku ndiyo hati ya mwenye gari, kwa serikali na kwa kampuni lilikuwa la mtu wa Highrise. Naye alilijua hilo, na lilimnyima usingizi. Aliogopa kwamba siku moja yule karani angedai gari ni lake na watu waje kulichukua.

Na ni nani aliyekuja? Mimi. Jumatatu asubuhi, ndani ya gari jeupe la kampuni, nimevaa ovaroli iliyopigwa pasi, kalamu sikioni, nimeshika kile kibao cha kubania karatasi. Vijana, Kawangware ya wakati ule mtu safi mwenye kibao alikuwa dalali wa kunadi mali ya watu. Hakukuwa na mtu mwingine wa namna hiyo.

"Sasa, Mama Atieno," nikamsalimu.

"Poa. Baba Nekesa, hii sare ni ya nini?"

"Ni ya kazi. Nataka kuona namba ya chesisi ya pick-up yako. Kampuni inaiita, inataka kurekebisha breki."

"Nani amekuambia breki yangu iko na shida?"

"Japani."

Akawageukia wenzake wa omena. "Mnasikia? Japani inajua breki ya Mama Atieno."

"Ni bure, mama. Hutalipa kitu."

Hapo ndipo nilipoharibu mambo. Mpaka niliposema bure alikuwa anacheka. Sasa akaweka chini kopo lake la kupimia.

"Na ile kitu ya zamani mtanirudishia?"

"Hapana. Ya zamani inabaki kwa kampuni."

"Mimi nitakaa wapi nikiangalia fundi?"

"Kuna chumba cha kungojea. Kuna viti na chai."

"Hiyo chumba naona gari nikiwa ndani?"

"Huoni."

Akajumlisha. "Kwa hivyo mnachukua gari yangu, mnanifungia kwa chumba na chai, mnatoa kitu yangu mnabaki nayo, halafu hamtaki pesa."

Alivyoipanga hoja yake, hata mimi nilianza kuishuku kampuni.

Nilirudi siku iliyofuata, pick-up haikuwepo. Nikauliza kwenye hardware, kwenye saluni, kwa mwuza maji. Hakuna aliyewahi kuiona. "Pick-up gani?" akaniuliza jamaa wa hardware, ambaye niliona kwa macho yangu ikimletea simiti mwezi uliopita. Mwuza omena wa meza ya pili aliniapia kwamba Mama Atieno ametumia mkokoteni tangu zamani, akaongeza kwamba ni mkokoteni mzuri sana. Mama Atieno mwenyewe alinisalimu kwa heshima nyingi mno, akanipimia omena, akakataa kusema neno lingine.

Jumatano jioni nikaenda kwenye maombi, nimechoka. Pasta akatuomba tufumbe macho. Akawaombea wagonjwa, akawaombea wanaosafiri, kisha sauti yake ikapanda. "Na Bwana, tunawaombea ndugu zetu waliopata kazi ya kunyang'anya wajane magari yao. Waguse mioyo!"

Nikaitika "Amina!" kwa nguvu zangu zote, kwa sababu jambo lenyewe ni baya. Nilipofumbua macho, kanisa zima lilikuwa linanitazama.

Ningecheka, lakini baadaye kidogo ukaja wakati wa matangazo. Mama mmoja akasimama, akasema Ijumaa asubuhi kikundi cha kina mama kinamsindikiza Mama Atieno kwao Siaya. Anampelekea mamake mabati na saruji, nyumba ya nyasi imeoza na mvua zimekaribia. Kila mmoja alete blanketi lake, kwa kuwa watakaa nyuma juu ya mzigo. Akataja majina, na jina la mke wangu, Mama Nekesa, lilikuwa miongoni mwao.

Niliogopa, na siwafichi. Mifuko ya saruji, bunda la mabati, kina mama wale, na huwezi kusema walikuwa wembamba, wote kwenye mteremko wa Mai Mahiu, na ile paipu imeegemea chuma. Nilimgeukia mke wangu hapo hapo kwenye benchi.

"Mbona hukuniambia unasafiri?"

"Watu wamesema nisikuambie," akajibu bila kuniangalia. "Wewe uko upande wa kampuni."

Mke wangu wa ndoa!

Nilitoka kwa mlango wa nyuma ili nisisalimiane na mtu, na hapo nikaona paka. Hawakuwa paka wa kawaida wa kupita. Walikuwa wamekaa kwa mpangilio, wakubwa mbele, wadogo nyuma, wote wakilitazama turubai kubwa la kanisa lililofunika kitu kirefu kando ya ukuta. Waumini wetu hawakuwahi kukaa kwa utulivu ule. Pasta alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma.

"Pasta, ile ni nini?"

"Turubai."

"Na chini ya turubai?"

"Baba Nekesa, mimi naangalia mambo ya juu."

"Na hawa paka?"

"Hata wao ni viumbe vya Mungu."

Pick-up unaweza kuificha isionekane, lakini harufu ya omena haifichiki. Sikulifunua turubai. Ningelifunua, pick-up ingehamishwa usiku uleule pamoja na paka wote, na Ijumaa ingefika.

Kesho yake nikamwendea Mutiso. Mutiso alikuwa mtu wa sheria. Rikoli inafanywa karakanani, juu ya lifti, mteja akiwa kwenye chumba cha kungojea. Nikamwambia gari halitakuja, tena kesho linashuka Mai Mahiu na saruji na kina mama, na mmoja wao ni wangu. Akafungua kabati, akatoa paipu mpya na kishikizo chake, akaniwekea mezani.

"Chukua jeki na stendi," akasema. "Lakini ya zamani iletwe hapa. Ikibaki huko, mtu ataiuza, na itamuua mwingine."

Hilo mlishike, vijana. Rikoli hairudishi kipuri cha zamani kwa sababu kipuri chenyewe ndicho hatari. Mutiso alinieleza kwa sentensi moja, nami Jumatatu sikumweleza Mama Atieno kabisa. Nilimtajia viti na chai.

Alasiri hiyo hiyo nilifika kanisani na nguo zangu kuukuu za Kibera, zenye grisi, bila kibao. Turubai lilikuwa limefunuliwa, kina mama wanamalizia kupakia. Mama Atieno akasimama mbele ya pick-up mikono imepanuliwa.

"Nimekuja kufanyia hapa," nikasema. "Utakaa kwa stuli yako, utaangalia kila kitu. Kampuni haichukui gari."

"Nikiangalia kabisa?"

"Lala chini kama unataka."

Aliagiza kwanza chupa ya rangi ya kucha. Akaingia chini nusu, miguu nje, akaitia paipu alama nyekundu. Akatia alama na chuma cha kando yake. Na kwa kuwa chupa ilikuwa bado wazi, akaitia alama hata jeki yangu.

"Sasa usitoke," nikamwambia, nikalala kando yake. "Angalia hapa kabla sijainua kitu. Gari imepakiwa, si ndiyo? Ona paipu imelala wapi."

Ilikuwa imebanwa kwenye ile ncha ya chuma. Nikamwomba aipitishe kidole. Akakirudisha kina unyevu, akakinusa.

"Hii si maji."

"Si maji."

"Na si omena."

"Si omena. Ni mafuta ya breki. Imeanza kutoka."

"Ingefika Siaya?"

"Ingefika Mai Mahiu."

Alitoka polepole, akaketi kwenye mfuko wa saruji uliokuwa bado chini, akawatazama kina mama mmoja mmoja, na wao hawakujua kwa nini wanatazamwa. Machozi yakamtoka.

"Nyasaye," akasema, akimwita Mungu kwa Kiluo. "Na vile nilikuwa nimeificha vizuri."

Tukashusha mzigo, nikafanya kazi. Paipu ya breki ukiibadilisha lazima utoe hewa, na hiyo inataka mtu wa kukanyaga pedali huku wewe uko chini unafungua na kufunga. Nikampandisha Mama Nekesa kwenye kiti cha dereva. Nikasema, "Kanyaga!" na kina mama wote waliozunguka gari wakaitikia, "Kanyaga!" Nikasema, "Shikilia!" Wakaitikia, "Shikilia!" "Achilia!" "Achilia!" Kufika gurudumu la pili kulikuwa na sauti ya kwanza na ya pili, na Pasta anapiga makofi. Hewa ilitoka yote. Sijawahi kupata breki ngumu kama ile kwenye lifti ya kampuni.

Nikanawa mikono, nikafunga ile paipu ya zamani kwa gazeti, nikaitia mfukoni. Mama Atieno akanyoosha mkono.

"Asante, Baba Nekesa. Sasa nipe paipu yangu."

"Mama, nimekuambia inarudi kwa kampuni. Ni hatari."

"Ni hatari yangu. Iko na alama yangu."

Kanisa zima lilikuwa upande wake, na mke wangu alikuwa wa kwanza. Nilifikiri nitamwambia nini Mutiso, kisha nikachukua msumeno nikaikata katikati. Iliyokatwa haimfai mwizi wala fundi. Nusu yenye namba ya kiwanda ikawa ya kampuni. Nusu iliyosuguliwa, yenye rangi ya kucha, ikawa yake. Ijumaa waliondoka wakiimba, na Jumapili mke wangu alirudi mzima, amechomwa na jua, amesahau kabisa kwamba niliwahi kuwa upande wa kampuni.

Mutiso aliigeuza ile nusu mkononi. "Na nyingine?"

"Iko Kawangware 56. Imetundikwa juu ya omena."

Alikwenda mwenyewe kuona kama nasema uongo. Alikuta Mama Atieno ameishika, anamwonyesha dereva mmoja mahali iliposagika, anamwambia, "Weka kidole hapa. Weka! Hii ilikuwa inipeleke mbinguni na simiti." Wenye pick-up za aina ile walitoka Kawangware na Kibera wakaja karakanani wenyewe, wakauliza kama na sisi tunafanya ile kazi ya Mama Atieno. Walikuja bila barua. Wengi walikuja na rangi ya kucha.

Kwa hiyo, vijana, ukinunua gari lililotumika, badilisha logbuku iwe na jina lako mapema, kwa sababu onyo humfuata mwenye jina. Kama limetoka Japani likiwa kuukuu, hapa hakuna anayekujua, basi chukua namba ya chesisi ukaulize mwenyewe kwa wanaouza magari ya aina hiyo. Namba ya chesisi ndiyo inayosema kweli. Rangi na mwaka havitoshi. Rikoli ya kweli ni bure, hata kama wewe ni mwenye gari wa tano. Anayekudai ada ya rikoli ni mwizi, mfukuze. Na wakikataa kukupa kipuri cha zamani, waambie wakuonyeshe tu, kisha wakikate mbele yako. Mutiso alikubali kufanya hivyo kwa kila mteja, na chumba cha kungojea kikatobolewa dirisha.

Nilipostaafu kampuni ilinipa saa ya ukutani. Ilisimama kabla ya mvua za mwaka ule. Siku chache baadaye Mama Atieno akaja kwangu Kongo, ameshakuwa mzee, anatembea kwa fimbo, sauti ikitangulia kama kawaida. Alikuwa na kitu kimefungwa kwa gazeti, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilijua ni nini kabla sijakifungua.

"Mamangu alikaa kwa ile nyumba ya mabati mpaka akatuacha," akasema. "Hakunyeshewa hata siku moja. Sasa, fundi, chukua kitu yako ya zamani."